Kutenguliwa, kufutiwa, kufungiwa au kusamehewa: manusura wa usafirishaji haramu achague njia ipi kwa rekodi yake ya jinai Marekani?

Mimi ni mkalimani. Nakaa kati ya mwanasheria na mteja anayesema Kiswahili, na neno linalonitoa jasho ni hili letu la kila siku: kufutiwa. Mteja anasema, "Ile kesi nilishafutiwa." Mwanasheria anauliza, imefutwaje? Hapo kikao kinasimama, kwa sababu katika mazungumzo yetu hukumu iliyotenguliwa, rekodi iliyofutwa, jalada lililofungwa na msamaha wa gavana vyote tunaviita kufutiwa. Katika sheria za Marekani hizo ni karatasi nne, kila moja na nguvu yake. Mtu anaweza kuishi miaka na karatasi dhaifu akiamini anayo ile yenye nguvu, mpaka siku ya usaili wa uraia.

Ulinganisho huu ni wa manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu (wapo wanaosema ulanguzi wa binadamu) waliotiwa hatiani kwa makosa waliyolazimishwa kufanya, pamoja na ndugu, wachungaji, mashehe na marafiki wanaowasindikiza. Hauchukui nafasi ya mwanasheria. Utakusaidia kujua la kumuuliza.

Tumtunge mtu mmoja wa kupimia. Mwanamke aliyeletwa kwa ahadi ya kazi za ndani, akanyang'anywa pasipoti, akaishia mikononi mwa mtu aliyemuuza usiku na kumtuma kuiba mchana. Rekodi yake ina mistari mitatu: ukahaba, New York, wizi wa dukani, New York pia, na kitambulisho cha kughushi, Florida. Sasa yuko huru. Anataka kazi ya kutunza wazee, na bado hana uraia.

Kabla ya yote ajue kwamba si yeye anayechagua jimbo. Hukumu hushughulikiwa na jimbo lililoitoa, hata kama wewe umehamia upande wa pili wa nchi. Mistari yake miwili itarudi New York na mmoja Florida. Na sheria za majimbo haziigusi hukumu iliyotolewa na mahakama ya shirikisho. Anachoweza kuchagua ni njia ndani ya kila jimbo.

Kutenguliwa

Hii ndiyo njia ambayo mahakama inasema hukumu ile haikupaswa kuwapo. Haisemi umeonewa huruma wala umejirekebisha. Inarudi nyuma mpaka siku ya kosa na kukiri kwamba aliyesimama kizimbani alikuwa mhanga.

New York ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya namna hii, mwaka 2010, katika kifungu cha 440.10 cha sheria ya mwenendo wa jinai. Ilianza nusunusu: iligusa makosa ya ukahaba na ya kuranda kwa nia ya ukahaba tu. Kwa mwanamke wetu, mstari wa kwanza ungeondoka na wa wizi ungebaki, kana kwamba anayemmiliki mtu humtuma kosa la aina moja. Ilichukua mpaka Novemba 2021 sheria kupanuliwa ikagusa makosa ya kila aina, ilimradi kushiriki kwake kumetokana na kusafirishwa. Marekebisho hayo yaliweka pia mambo matatu ambayo mtu asiyewahi kupanda ngazi za mahakama anaweza kuyaona madogo. Maombi na nyaraka zake ni siri. Hukumu za mahakama mbalimbali zinaweza kuunganishwa katika shauri moja, waendesha mashtaka wote wakikubali, ili mtu asisimulie yaleyale mbele ya majaji wanne. Na hukumu inatenguliwa kwa kiini cha kesi, si kwa hila ya utaratibu. Hili la mwisho nitalirudia, maana uhamiaji wanalitazama sana.

California ilifuata kwa kifungu cha 236.14, kilichoanza kutumika Januari 2017. Ni kigumu kidogo upande wa ushahidi, kwani kinataka ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, na kinawahusu wenye makosa yasiyo ya nguvu, yaani yasiyo ya kumdhuru mtu kwa ukatili. Lakini maneno yake ni mazito: mahakama hutamka kwamba mwombaji hakuwa na nia ya kutenda kosa, na kwa hiyo hukumu ilikuwa na kasoro ya kisheria tangu siku ilipotolewa. Ukiweza kupata maneno ya aina hiyo kwenye amri yako, yashike.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitaji. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Nelson dhidi ya Colorado, iliamua kwamba hukumu ikishabatilishwa, jimbo haliwezi kung'ang'ania faini na fidia zilizolipwa kwa sababu ya hukumu hiyo. Mwanasheria aulizwe: nilizolipa zinarudi? Kwa njia zisizobatilisha hukumu, swali hilo halina pa kusimamia.

Kufutiwa, na majina yanayodanganya

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa sababu jina la karatasi halilingani na nguvu yake.

Florida ina kifungu 943.0583, kilichopitishwa mwaka 2013, na chenyewe kinajiita cha kufuta rekodi. Ukikisoma kwa jina utadhani ni dhaifu kuliko kile cha New York. Lakini ndani yake mmeandikwa kwamba hukumu iliyofutwa chini ya kifungu hiki ihesabiwe kuwa imetenguliwa kwa kasoro ya msingi katika kesi yenyewe. Yaani jina ni kufuta, kazi ni kutengua. Ukiwa na hati rasmi inayokutambua kama mhanga, mahakama inaanza kwa kuchukulia kwamba kosa lilitokana na kusafirishwa kwako. Usipokuwa nayo mlango haufungwi, ila kiwango cha ushahidi kinapanda. Makosa kadhaa mazito ya nguvu yametengwa. Sheria inataka pia uombe bila kuzembea baada ya kutoka mikononi mwa msafirishaji au baada ya kutafuta msaada, huku ikizingatia hofu ya usalama wako na wa familia yako. Kitambulisho cha kughushi cha mwanamke wetu kinaingia hapa.

California ni kinyume chake. Kile ambacho watu wa kule wamezoea kukiita kufutiwa ni kifungu 1203.4: umemaliza kipindi cha uangalizi, unaruhusiwa kuondoa kukiri kwako, kesi inatupwa. Mtu anatoka mahakamani anashangilia, na mwajiri wa kawaida pengine hatamsumbua tena. Lakini akiomba leseni ya jimbo au cheo cha umma lazima aitaje hukumu ileile, na kwa macho ya uhamiaji haijaenda popote. Nimetafsiri katika kikao ambacho mama mmoja alitoa karatasi hiyo kwenye bahasha aliyoitunza kama cheti cha ndoa, na mwanasheria akakaa kimya muda mrefu kabla ya kusema neno. Aliyemsaidia mwanzo hakumwuliza kamwe jinsi alivyoingia kwenye kosa lile. Angemwuliza, kifungu 236.14 kilikuwa kinamngoja.

Kwa hiyo usimwulize mwanasheria "hii inaitwaje?" Mwulize: amri ya mahakama itasema hukumu ilikuwa na kasoro, au itasema nimemaliza adhabu na nimetulia?

Kufungiwa

Jalada linawekwa kabatini, kufuli linatiwa, na funguo zinabaki kwa polisi, mahakama na baadhi ya waajiri. Hukumu ipo palepale.

New York ina sheria iliyoanza kutumika Novemba 16, 2024 inayofunga rekodi zenyewe bila mtu kuomba: miaka 3 kwa makosa madogo, 8 kwa makubwa, ikihesabiwa tangu hukumu au tangu kutoka gerezani, mradi huna kesi nyingine inayoendelea. Mahakama zimepewa mpaka Novemba 2027 kukamilisha mfumo. Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa: hakuna anayekutaka usimulie lolote. Kwa mtu ambaye hawezi kabisa kuyarudia yale, huo si uzuri wa kubezwa.

Ila mwanamke wetu anataka kutunza wazee. Kazi za kuhudumia watoto, wazee na wagonjwa, ambazo sheria inataka alama za vidole, ni miongoni mwa zile ambazo kufuli hilo linafunguliwa. Rekodi imefungwa kwa kila mtu isipokuwa yule anayempelekea maombi ya kazi.

Kusamehewa

Rais husamehe makosa ya shirikisho tu. Ya jimbo ni ya gavana au bodi, kila jimbo na taratibu zake. Msamaha haufuti rekodi. Unaongeza mstari chini yake. Na tangu kesi ya Burdick ya mwaka 1915, Mahakama Kuu imeweka wazo kwamba kuupokea msamaha kunabeba ndani yake kukiri kosa. Kwa mtu ambaye hoja yake yote ni kwamba hakutenda kwa hiari, hilo ni chungu kumeza.

Basi kwa nini niutaje? Kwa sababu ya wale wenye makosa ya nguvu, ambao vifungu vya California na Florida vinawaacha nje. Sara Kruzan wa California alikuwa na miaka 16 alipomuua, mwaka 1994, mtu aliyekuwa akimuuza. Alihukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa. Gavana Schwarzenegger alimpunguzia adhabu mwaka 2011, akatoka mwaka 2013, na msamaha wenyewe akaupata kwa Gavana Newsom mwaka 2022. Hesabu miaka.

Usichanganye pia kusamehewa na kupunguziwa adhabu. Cyntoia Brown wa Tennessee, aliyefungwa kwa kumuua mwanamume aliyemnunua akiwa na miaka 16, aliachiwa Agosti 2019 baada ya Gavana Haslam kumpunguzia kifungo cha maisha. Kwenye mitandao ya kwetu wengi waliandika kwamba amesamehewa. Alitoka gerezani, lakini hukumu ilibaki naye, pamoja na miaka 10 ya kuwa chini ya uangalizi.

Kama huna uraia, anzia hapa

Kwa asiye raia, swali la ni njia ipi nafuu linakuja baadaye. Sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake ya hukumu, iliyowekwa mwaka 1996, na haijali jimbo limeiitaje. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilisema mwaka 1999, katika shauri la Roldan, kwamba hukumu iliyofutwa kwa sababu mtu amejirekebisha bado ni hukumu. Mwaka 2003, katika shauri la Pickering, ikaweka upande wa pili: ikitenguliwa kwa kasoro ya utaratibu au ya msingi wa kesi, si hukumu tena, ikitenguliwa kwa huruma tu au ili mtu asifukuzwe nchini, bado ni hukumu.

Sasa rudi uyapime yale maneno. "Kwa kiini cha kesi" ya New York, "kasoro ya msingi" ya Florida, "kasoro ya kisheria" ya California: hayakuandikwa hivyo kwa mapambo. Kufungiwa na kile kifungu 1203.4 vinaangukia upande mbaya wa mstari huo. Msamaha kamili wa rais au gavana huondoa baadhi ya sababu za kufukuzwa nchini, lakini haufiki kwenye makosa ya dawa za kulevya.

Hata hukumu iliyotenguliwa haikuruhusu kukaa kimya. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, na inataka jibu hata kama rekodi imefungwa au imefutwa. Ukisema hapana kwa sababu mtu alikuambia imefutwa, umejitengenezea tatizo jipya la uongo juu ya lile la zamani. Jibu ni ndiyo, pamoja na nakala ya amri. Na ukahaba una ubaya wake wa peke yake: unaweza kumzuia mtu kuingia au kupata ukaazi kwa jambo la ndani ya miaka 10 hata bila hukumu yoyote. Hapo ndipo viza ya T inaposaidia, ile iliyoundwa na sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda wahanga, yenye nafasi 5,000 kwa mwaka bila kuhesabu wanafamilia. Mwombaji wa viza hiyo anaweza kuombewa kusamehewa vikwazo vya makosa yaliyotokana na kusafirishwa kwake. Ndiyo maana mwanasheria wa jinai na wa uhamiaji wafahamiane kabla karatasi ya kwanza haijapelekwa kwa karani. Maelezo ya huku na ya kule yakipishana tarehe, atakayeulizwa ni mteja.

Lingine la kufanya mapema: kabla amri ya kufuta haijatekelezwa, chukua nakala zilizothibitishwa kwa muhuri, za hukumu na za amri, na si moja. Uhamiaji wataziomba. Karani akishaondoa jalada hutakuwa na cha kuonyesha, na rekodi iliyofutwa vizuri kuliko zote itakuwa ndiyo inayokukwamisha.

Bei isiyoandikwa kwenye fomu

Kutenguliwa kuna gharama ambayo kufungiwa hakuna. Lazima kuwe na hati ya kiapo. Mtu aseme aliletwaje, nani alishika pasipoti, deni liliongezekaje, nini kilitokea alipokataa. Mwanasheria mzuri atalivunja vipande, kikao cha saa moja, wiki ipite, kikao kingine. Anayekutaka umalize siku moja, tafuta mwingine.

Na mkalimani awe mtu wa kazi hiyo. Usimpeleke shangazi, wala mtu wa kanisani, hata kama anajua Kiingereza cha kunyoosha. Siri ni sababu ya kwanza. Ya pili ni neno moja. Nilikuwa kwenye kikao, mwanasheria akauliza ilikuwaje siku ya kwanza alipoambiwa aende na mwanamume. Akajibu, "Nilikataa, nilikataa, mwisho nikakubali." Kukubali kwetu ni kuridhia, lakini pia ni kusalimu amri, kuchoka kubishana. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja. Ningeandika lile la kuridhia, mwendesha mashtaka angelipigia mstari. Nikaomba ruhusa ya kumwuliza anamaanisha nini. Akasema, "Alishika simu, akasema anampigia mtu aliye karibu na mama yangu." Hiyo ndiyo sentensi iliyoingia kwenye kiapo.

Kwa waliouzwa kingono wakiwa chini ya miaka 18 mzigo ni mwepesi: sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 haitaki kuthibitisha nguvu, ulaghai wala vitisho kwa mtoto. Umri unatosha. Wengi hawajui, wanahangaika kukumbuka vitisho wakati cheti cha kuzaliwa kingewatosha.

Mistari yake mitatu

Kwa mwanamke wetu ningechagua hivi. Miwili ya New York iende kwenye kutenguliwa, kwa pamoja, hata kama ule wa ukahaba tayari umetimiza miaka ya kufungwa wenyewe, kwa sababu hana uraia na anataka kazi ya alama za vidole. Wa Florida uende kwenye kifungu 943.0583, na amri ya New York iambatishwe kama sehemu ya ushahidi. Msamaha hauhitaji. Kama angekuwa raia, mwenye kosa moja dogo la zamani, anayetaka kazi ya duka tu na asiyeweza kulala akikumbuka yale, ningemwambia kufungiwa kunatosha, na nisingeona haya kusema hivyo.

Akishapata amri, kampuni za kuchunguza rekodi bado zitakuwa na nakala za zamani walizonunua. Sheria ya shirikisho inawataka wahakikishe usahihi, na ukiwapinga kwa maandishi wana siku 30 kwa kawaida za kuchunguza upya. Atume nakala ya amri, abaki na ushahidi wa kutuma.

Lakini hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kiapo na kabla ya kuchagua lolote, ni kuomba rekodi yake mwenyewe FBI kwa alama za vidole, dola 18. Msafirishaji hubadilisha majina ya watu wake kama nguo. Alama za vidole hazijali jina. Nimewahi kuona mtu akifunua karatasi hiyo akitarajia mistari mitatu, akaikuta minne, na ule wa nne ukiwa chini ya jina ambalo hakuwa amelisikia tangu siku alipotoroka. Alilisoma kwa sauti ndogo, akageuka kwangu, akaniambia, "Huyu ni mimi."